Mchumba Aliyetafuta Anwani

Nianze kwa kukiri, maana nikiacha kwa baadaye nitapata njia ya kukwepa. Nilimpenda mtu aliyeshtakiwa kwa wizi wa mabavu, na nilimpenda kwa sababu ya jinsi alivyoshuka kwenye lori la polisi.

Ilikuwa video fupi tu. Mtu fulani aliipiga nje ya mahakama ya Thika akaiweka mtandaoni. Washukiwa watatu wanashuka. Wawili wamevuta fulana hadi puani kuficha nyuso zao, wa tatu hajaficha chochote. Anashuka polepole kama mgeni wa heshima, pingu mikononi, anamwambia askari neno, askari anacheka. Kisha anaitazama kamera na kutabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Basi, hiyo ndiyo video yote. Nilikuwa kibandani kwangu Githurai 45, nashona kaptura za shule, na nilipoinua macho kutoka kwenye simu nilikuta nimeshona mguu mmoja wa kaptura nikauziba kabisa.

Nilikuwa na miaka arobaini na mmoja. Huo ni umri ambao shangazi zangu walikuwa wameacha kuniombea mume na kuanza kuniombea afya. Sisemi hivyo ili nihurumiwe. Nilikuwa na kazi yangu, nyumba yangu ya kupanga Mwihoko, na hasira yangu ambayo wateja wote wanaijua. Lakini ile video niliitazama mara nyingi hata bando likaisha kabla ya saa sita mchana, na mimi si mtu wa kununua bando mara mbili kwa siku. Siku hiyo nilinunua.

Chini ya video wanawake walikuwa wameandika mambo ya aibu. “Hakimu hana macho?” “Nifungwe mimi badala yake.” “Aje aniibie tu, mlango nimeacha wazi.” Nilisonya, nikawaita wapumbavu, kisha nikajiunga na kundi lao. Tulikuwa kama thelathini hivi. Kulikuwa na sheria, kwa mfano mtu asiweke picha yake zaidi ya moja kwa siku, na asiulize mambo ya kesi, kwa sababu kesi inaleta huzuni. Kulikuwa pia na mmoja aliyefanya kazi kwenye duka la dawa Ruiru, ambaye alikuwa akichukua picha ya mpenzi wetu na kuizungushia maua ya waridi. Nilimchukia mwanamke huyo bila kuwahi kumwona. Niliwahi kumwandikia kwamba mtu aliye rumande hahitaji maua, anahitaji sabuni. Akanijibu kwa picha ya moyo uliopasuka, na hasira ikanishika siku mbili.

Namba ya simu ya mpenzi wetu ilitufikia kupitia kwa mmoja wetu. Simu haikupaswa kuwa rumande, lakini ilikuwa huko, na hakuna aliyeuliza iliingiaje. Nilimwandikia “Habari ya leo” kwa adabu zote, na kesho yake akanipigia. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu anayeongea chini ya blanketi, na nadhani kweli alikuwa chini ya blanketi.

“Malkia,” alisema. “Picha yako nimeiona. Una macho ya mtu ametulia.”

Hakuna aliyewahi kuniambia nimetulia. Mama yangu mwenyewe angecheka hadi akae chini.

Tangu siku hiyo alinipigia kila jioni nikitoka kazini, nikiwa nimeketi kitandani na viatu bado miguuni. Na maswali yake hayakuwa kama ya wanaume wengine. Wanaume wengine waliniuliza navaa nini. Huyu aliniuliza, “Hapo Mwihoko umekaa miaka ngapi?”

“Tisa.”

“Nyumba moja tu, hujahama?”

“Nyumba moja.”

“Na landlord mnaelewana? Majirani wanakuheshimu?” Kisha, kwa upole kabisa, “Na chief, anakujua?”

Niliona nimepata mwanaume wa maana. Nilijiambia huyu hataki mambo ya juu juu, anataka kujua mizizi yangu. Nilimwambia kwa fahari kwamba chifu ananijua, nimewahi kumshonea mke wake sketi. “Mungu ni mwema,” akasema.

Baada ya wiki tatu akanieleza. Wakili wake alikuwa ameomba aachiliwe kwa dhamana, na mahakama ilitaka kwanza ripoti ya afisa wa probation: akitoka atakaa wapi, na nani, na je, watu wa hapo watakubali akae kwao? Nyumbani kwao walikuwa wamemkataa, hata mamake. Alihitaji anwani. Alihitaji mtu aliyetulia. Alikuwa amefikiria wanawake wote duniani, akaniona mimi. Hapo mtu mwenye akili angejua kwamba anakodiwa kama nyumba ya kupanga. Mimi nililia, nikasema ndiyo. Kwangu ilikuwa posa.

Kuhusu kesi yenyewe aliniambia kwamba yeye alikuwa amesimama tu nje. Mtu alikatwa na panga, ndiyo, lakini yeye alikuwa nje. Sikuuliza nje ya wapi. Nilijua anapenda chapati laini zisizo na mafuta mengi, nilijua anaogopa paka, nilijua alizaliwa siku ya Krismasi. Aliyekatwa sikujua kama ni mwanamume au mwanamke.

Afisa wa probation alinipigia akasema atafika Jumanne. Alikuwa kijana mstaarabu, lafudhi yake ya kule magharibi. Nilimwomba kitu kimoja. Akiwauliza majirani, asitaje korti, asitaje rumande, asitaje jina, kwa sababu mimi ni mtu wa kanisa na nina wateja.

“Madam, sisi hatuaibishi watu,” akasema. “Nitauliza kwa njia ya busara.”

Busara yake ndiyo iliyoharibu kila kitu, pamoja na uoga wangu.

Ni lazima nieleze jambo kidogo kwa wale wasio wa kwetu. Kabla watu wa mwanamume hawajaja kuposa rasmi, hutumwa mtu mmoja mtulivu kuulizia. Huvaa vizuri. Haji na zawadi yoyote, wala hasemi ametumwa na nani. Anawauliza majirani: huyu msichana ni wa watu gani? Ana kelele? Ni mvivu? Kwao kuna wezi? Na majirani nao wanajua kazi yao, ambayo ni kudanganya kwa moyo safi.

Sasa chukua ploti yetu ya nyumba kumi na mbili, Jumanne asubuhi, wanawake wanafua nguo uani. Lango linafunguliwa, anaingia kijana aliyevaa tai, viatu vimeng’aa, faili kwapani. Anasalimia kila mtu. Anasema amekuja kuulizia kidogo habari za mama wa nyumba namba nane, kwa sababu kuna mtu anatarajia kuja kuishi naye, na ingekuwa vizuri kujua kama pataelewana. Zaidi ya hapo, samahani, hawezi kusema.

Mama wa namba mbili, ambaye ni mwenyekiti wa kila kitu pale kwetu kuanzia maji hadi mazishi, aliacha sufuria yake ikiungua. Yeye ndiye aliyenisimulia baadaye, akiigiza sauti zote.

“Nikamwambia aketi. Nikamwambia huyo ni mtoto yetu. Miaka thelathini na tatu.”

“Mama, ulisema thelathini na tatu?”

“Ungetaka niseme ngapi? Nikamwambia hana kelele.” Mimi, ambaye niliwahi kumfukuza muuza mabeseni hadi barabarani. “Nikamwambia anapika vizuri, anaamka mapema, hajawahi kuletea hapa mwanaume hata mmoja. Hiyo ilikuwa ukweli, Mungu anisamehe, nilisema kwa huruma.”

Kijana aliandika yote. Kisha akauliza kwa busara yake: je, kama huyo mwanamume alikuwa amepitia mambo fulani huko nyuma, ploti itakuwa na shida?

“Nikamwambia, kijana, mwanaume wa umri huo bila mambo ya nyuma ametoka wapi? Akuje na mambo yake. Hata kesho!”

Wanawake wote waliitikia: hata kesho. Msimamizi wa ploti alitoka kwake na shati halijafungwa vifungo akasema atamchongea mgeni ufunguo wa lango bure. Nasikia afisa alifunga faili akiwa ameduwaa. Katika kazi yake watu humfukuza kwa mbwa.

Niliporudi jioni ile, jua bado halijazama, nilipokelewa langoni kwa ngemi, vile vigelegele vinavyopigwa mtoto akizaliwa au bibi harusi akitoka. Nilisimama na mfuko wangu wa sukuma wiki nikidhani kuna mtu ameshinda kitu. Mama wa namba mbili akanikumbatia huku akilia. “Wamekuja! Wametuma mtu! Aki tumekuombea!”

Ningeweza kusema ukweli pale pale. Nilifungua mdomo kabisa. Lakini miaka tisa nilikuwa nimewachangia wanawake wale kwenye harusi zao na za mabinti zao, nimewashonea vitambaa vya kichwa vya rangi moja, nimeosha vyombo vya wageni wao. Hakuna aliyewahi kupiga kelele ya furaha kwa ajili yangu. Nilifunga mdomo. Nilipenda kila sauti ya zile ngemi, na siku ile hata mwenyewe nilisahau kwamba yule kijana alitoka mahakamani.

Jumamosi wakaamua tujiandae, maana watu wa mwanamume wangeweza kutokea bila taarifa. Uani pakafagiliwa hadi udongo ukaanza kulalamika. Wakasema tupike mukimo, viazi vya kuponda na mahindi na majani ya malenge, tuone kama sufuria kubwa bado inatosha watu thelathini. Nilikaa katikati yao nikimenya viazi kama mwari, na sikuwa na ruhusa ya kusimama.

Karibu nami alikuja kuketi mwanamke wa namba tisa, jirani yangu wa mlango kwa mlango. Alikuwa amehamia miezi miwili tu iliyopita na hakuwa mtu wa maneno. Kila jioni alisalimia tu, akaingia kwake, akafunga komeo, kisha komeo la pili. Siku ile kijana wa tai alipokuja kuulizia namba nane, yeye alikuwa kazini. Alichukua kisu kwa mkono wa kushoto, akakibana kiazi kwenye goti kwa kiganja cha kulia, na kuanza kumenya kwa namna ya ajabu, vipande vinene. Mimi na mdomo wangu.

“Sisi tutakula maganda ama viazi?” nikamwambia. “Shika na vidole, mama.”

Akacheka kidogo. Akaniinulia mkono wa kulia. Vidole vitatu vilikuwa vimenyooka tu, havikunjiki, na kovu lilitoka katikati ya kiganja likaingia chini ya sweta.

“Hivi havisikii tena,” akasema. “Nilikuwa na saluni Ngoingwa, hapo Thika. Nilikuwa nasuka hadi watu wanatoka Nairobi.”

Akaeleza huku akimenya, bila haraka, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. Wanaume wawili waliingia saa nane mchana. Mmoja aliuliza bei ya kupaka rangi nywele. Mwingine alikuwa na gazeti limekunjwa, na ndani ya gazeti kulikuwa na panga. Yeye aliinua mkono tu, si kupigana, aliinua kama unavyozuia jua. Wa tatu alikuwa amesimama nje.

Kisu changu kilisimama katikati ya kiazi.

“Walishikwa?” nikauliza.

“Hata mmoja. Hadi leo.”

Basi si yeye. Wangu alikuwa ameshikwa. Kesi nyingine, watu wengine. Nilishusha pumzi ndefu, nikasema kimoyomoyo, kwa dhati kabisa kama ninavyosali kanisani, asante Mungu.

Halafu nikajisikia. Nilikuwa nimekaa mbele ya mkono ule, na ninamshukuru Mungu kwamba aliyekatwa na mpenzi wangu ni mtu mwingine, ambaye naye ana mkono wake mahali fulani. Aibu ilinipanda. Nimewahi kuona aibu maishani, lakini zile nyingine zilikuwa za kuonekana na watu. Hii hakuna aliyeiona.

Yeye alikuwa bado anaongea. “Kutoka siku hiyo silali vizuri. Nikiskia mtu nje nasimama. Lakini nimefurahi sana hii habari yako, mami. Mwanaume akikaa hapa upande wetu, hata mimi nitalala.”

Nilisimama bila ruhusa, viazi vikabingirika. Wanawake wakacheka, mwari amekumbuka bwana. Na kweli simu ilikuwa inalia ndani.

“Malkia! Probation alikuja? Walisemaje?”

“Nataka kukuuliza kitu. Yule mtu alikatwa, ni nani?”

“Babe, hizo ni story za lawyer.”

“Ni mwanamke ama mwanaume?”

Akacheka. Ile sauti ya blanketi. “Sasa hiyo inakusaidia nini? Mimi nilikuwa nje.”

Kwa mara ya kwanza nilimwona akiwa huko nje, amesimama, anatazama barabara kama kuna mtu anakuja, na anasikia yote yanayotoka ndani. Nilikata simu. Ikalia tena, nikaiweka kwenye debe la unga. Ikalia ndani ya unga. Nikaitoa, nikaipangusa na sketi, nikampigia afisa.

Alikuwa shambani, nilisikia ng’ombe. Nilimwambia najiondoa.

“Madam, ripoti nimemaliza. Sijawahi kuona ploti kama yako. Nimeandika majirani wako tayari kwa moyo mmoja.”

“Futa.”

“Lazima niweke sababu.”

“Andika majirani wamekataa.”

“Lakini walikubali wote, hata kesho, walisema.”

“Hawakujua ni nani.”

Ng’ombe akalia. Kisha yule kijana, bila ubaya wowote, akauliza, “Na wewe ulijua?”

Nilimwambia aandike kwamba nilijua. Akasema ataipeleka ripoti hiyo Jumatatu asubuhi kabla ya kesi kutajwa, na anwani yangu haitasomwa. Akanitakia siku njema.

Ilibaki kutoka nje. Nilikaa kitandani nikisikia wanawake wakiimba uani na kutwanga, na nilitamani ardhi ipasuke, au angalau inyeshe mvua. Sikuwa naogopa kumkosa yeye tena. Niliogopa kurudi kuwa yule mwanamke ambaye hakuna anayempigia ngemi. Nilipotoka nilisimama kando ya sufuria nikasema yote kwa mara moja, bila kupumua: video, rumande, panga, faili, tai.

Mwiko ulisimama ndani ya mukimo.

“Ngai fafa,” akasema mama wa namba mbili. “Na mimi nikasema hata kesho!” Alijishika kichwa. “Mimi! Nimemwambia kijana wa serikali mtu wa panga akuje hata kesho!” Kisha, kwa kuwa ni mwenyekiti, akageukia mambo ya utawala. “Na hizi viazi zote?”

Mwingine akasema viazi havina kesi. Wakaanza kucheka, wengine kwa hasira, mmoja akaniita mjinga mara tatu, nikakubali mara tatu. Msimamizi wa ploti akauliza kwa wasiwasi kama ufunguo aliochonga unaweza kurudishwa. Walikula. Nilipakuliwa wa mwisho, na kidogo.

Mwanamke wa namba tisa hakuwapo tena; alikuwa ameondoka niliposema panga. Kiti chake kilikuwa kitupu na kisu kimelazwa juu ya maganda. Nilichukua sahani nikaipakua hadi pomoni, nikabisha kwake. Nilisikia komeo, kisha komeo la pili.

Hakupokea sahani. Alinitazama, kisha akaangalia ukuta uliotenganisha chumba chake na changu.

“Hii ukuta ni nyembamba sana,” akasema. “Kila jioni nilikuwa nakuskia ukicheka na yeye kwa simu. Nilikuwa nakaa hapa karibu niskie. Nilikuwa najiambia, huyo mwanaume lazima ni mpole.”